Usilichome Koti la Hobart

Akron, Ohio
14 Januari 1962

Mpendwa Shangazi Orlena,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa mimi, kama utakavyosoma. Mume wangu Estill bado yuko zamu ya mchana kwenye kiwanda cha matairi. Lottie wetu ametimiza miaka minne na amejifunza kufunga viatu, ila kifua chake bado kinapiga filimbi kila baridi inapozidi. Theluji imefika madirishani. Wewe je? Kuku wanataga? Bi. Vesta bado anakuletea maziwa na umbea?

Kifurushi chako kilifika baada ya Krismasi. Nilipolitoa koti la marehemu Baba niliketi sakafuni palepale. Linanuka yeye, Shangazi: tumbaku, makaa ya mawe na nyumbu. Sikutaka kulifua. Nimelivaa kwenda kazini tangu Jumatatu, na glavu zake nimezivaa pia, ingawa zinanipwaya.

Siku ya tatu nikaanza kuwashwa. Kwanza shingoni, kisha kwenye vifundo vya mikono, halafu viwiko. Michirizi myekundu ikavimba ikawa malengelenge. Muuguzi wa kiwandani ninakofanya kazi ni mtu wa Tennessee. Aliponiona alicheka hadi akavua miwani.

“Dada wewe, umelala kichakani na nani katika theluji hii? Huu ni upele wa ule mtambaa wa sumu, mmea unaowasha ngozi.”

Nikamwambia hakuna jani hata moja katika Akron yote.

“Basi umekuja nao,” akasema. “Ninyi wa Kentucky mkihama hamwachi kitu.”

Estill naye anasema nimerithi kila kitu cha Baba isipokuwa nyumbu. Lakini mimi sicheki. Kwenye bega langu la kushoto kuna michirizi minne iliyolala sambamba, kama vidole. Bega hilo ndilo Baba alilokuwa akinishika tukivuka kijito. Unajua tulivyoachana. Niliondoka nyumbani bila kumuaga, na miaka saba sikumwandikia hata mstari. Bi. Hudak, mwenye nyumba yetu, ameutazama upele huo akajifanyia ishara ya msalaba. Anasema marehemu ananishika.

Nifanye nini kuhusu upele? Na nifanye nini kuhusu hilo jingine?

Mwanao,
Delpha


Bonde la Spruce Lick, Kentucky
20 Januari 1962

Binti yangu Delpha,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kwamba Estill ana kazi. Mimi ni mzima. Kuku watatu wanataga. Wa nne anakula bure. Vesta amevunja jino kwa karanga na bonde zima limeelezwa. Baridi ni kali, lakini kuni ninazo.

Sasa nisikilize vizuri. Mtambaa huo una mafuta, na mafuta hayo ndiyo sumu. Hayahitaji jani. Hukaa juu ya nguo, mpini wa shoka au manyoya ya mbwa mwaka mzima na zaidi, yakisubiri ngozi. Koti lilikuwa nayo. Hakuna ajabu yoyote hapo.

Oga kwa maji baridi na sabuni nyingi, kisha suuza kwa maji mengi. Maji ya moto usiyatumie. Safisha chini ya kucha kwa brashi, kwa maana kucha ndizo zinazosambaza mafuta. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi mahali panapowasha, robo saa kila mara. Chemsha unga wa oti, uache upoe, kisha uogee. Kanunue losheni ya kalamini, ile ya waridi. Maji ya malengelenge hayaambukizi mtu, kwa hiyo usiogope kumbeba mtoto, mradi umeoga na umebadili nguo. Upele utakaotokea baadaye mahali pengine si kwamba unatembea. Ngozi nene huchelewa tu. Baada ya wiki tatu utakuwa umekwisha. Ukifika machoni, au ukipumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usijikune.

Koti na glavu viweke mbali na Lottie mpaka utakapoweza kuvifua.

Kuhusu hilo jingine sina la kusema. Wafu hawana vidole. Huenda ndugu yangu Hobart alikuwa akikata mtambaa kwenye ua wa malisho.

Shangazi yako,
Orlena Sizemore


Akron
29 Januari 1962

Mpendwa Shangazi,

Tunakusalimu. Mpe Bi. Vesta pole ya jino. Dawa zako zimenisaidia, oti hasa. Estill ananiita bakuli la uji.

Lakini Shangazi, ua wa malisho? Baba hakuugusa mtambaa ule tangu Mama alipofariki. Nani asiyejua hilo? Kabla ya hapo watu walikuja kumwita kutoka mabonde matatu aukate, kwa sababu yeye haukumdhuru. Baadaye hakukata hata uliopanda kwenye bomba letu la moshi. Na kila mwezi wa Mei, Siku ya Kupamba, tulipopanda mlimani makaburini na majembe na maua ya karatasi, kila kaburi lilipaliliwa likawa jeupe kama meza, isipokuwa la Mama. La Mama lilikuwa kichaka. Watu walikula mkate wa mahindi na pai wakilipa mgongo. Nilikuwa na miaka tisa mtoto mmoja aliponiambia shuleni, “Baba yako alimfukiza mama yako kama nyuki.” Nilimuuliza Baba jioni ile kama ni kweli kwamba aliuchoma mtambaa na moshi ukamuua Mama. Akasema, “Moto uliwashwa.” Basi. Hakuongeza neno. Nilimngoja miaka tisa aongeze, kisha nikapanda basi.

Kwa hiyo ua gani, Shangazi?

Juzi Lottie alitambaa nyuma ya kabati nilikolificha koti, akajifunika nalo. Sasa mashavu yake yamevimba na usiku analia. Anasema koti lilikuwa na joto kana kwamba mtu amelivua sasa hivi. Bi. Hudak amenifokea: “Koti la maiti linataka kwenda kwa mwenyewe, mama! Utalipelekaje? Kwa moto!” Nadhani ana haki. Jumamosi ya tarehe kumi Februari, Estill akiwa nyumbani, atalitia katika tanuri la kupashia nyumba joto, huko chini ya ngazi, pamoja na glavu. Chumba cha Lottie kiko juu ya tanuri, kwa hiyo atalala kwenye joto zuri.

Nitasikitika, lakini siwezi kuishi nalo.

Delpha


TELEGRAMU
8 Februari 1962
KWA DELPHA RATLIFF, AKRON, OHIO
USICHOME KOTI. MOSHI UNAUA. MTOE LOTTIE CHUMBA KILE. BARUA YAJA. ORLENA


Akron
13 Februari 1962

Shangazi,

Salamu. Lottie anaendelea vizuri, mashavu yamepungua.

Telegramu ilifika Ijumaa jioni. Mpeleka telegramu alidhani ameniletea msiba, akavua kofia. Estill alikuwa tayari ameshaliweka koti ndani ya gunia karibu na tanuri. Nimelitoa nikalining'iniza nje, kwenye ngazi za dharura. Linaganda huko. Upepo ukivuma linapunga mikono, na majirani wa ng'ambo wamelalamika.

Barua yako iliyofuata nimeisoma mara mbili. Umeniambia kijito kilifurika, daraja likachukuliwa, na posta ikakaa siku nane, pole sana. Umeniambia jinsi ulivyotembea maili sita kwa miguu hadi stesheni kutuma telegramu. Una miaka sitini na saba, Shangazi. Umeniambia mafuta ya mtambaa yakichomwa hupanda na moshi, na mtu akiuvuta, upele humtokea ndani ya koo na mapafu. Hayo yote nimeyaelewa na nakushukuru.

Lakini hukuniambia kwa nini koti lilikuwa na mafuta hayo. Karatasi nne, na hilo hulisemi. Tena umeandika, “Najua moshi ule unavyonuka, ni mtamu kidogo.” Umejuaje? Siku ile ya moto tuliambiwa ulikuwa shuleni ukifundisha.

Niambie. Usiponiambia, nitalitupa koti mtoni na sitauliza tena, wala sitarudi Spruce Lick.

Delpha


Spruce Lick
18 Februari 1962

Binti yangu Delpha,

Nakusalimu. Nimefurahi kusikia kwamba Lottie amepona. Daraja limetengenezwa kwa magogo. Hapa hakuna habari nyingine ila hii.

Sikuwa shuleni. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Februari, mwaka 1938. Dhoruba ilikuwa imeangusha mwaloni makaburini, na tulipanda kuuondoa: baba yako, mama yako Almeda, na mimi. Wewe uliachwa kwa Vesta, ulikuwa na miaka miwili. Mwaloni ule ulikuwa umekumbatiwa na mtambaa mnene kama mkono wangu, wenye nywele kama kamba ya mkonge, bila jani hata moja. Hobart aliukata vipande akavirundika kando. Akaniambia, “Dada, huu ni ule wa sumu. Nitaukokota hadi korongoni uoze.” Nikamwambia atapoteza siku nzima. Nikamwambia moto humaliza kila kitu. Akasema baba yetu hakuuchoma kamwe. Nikamjibu kwamba baba yetu hakujua kusoma, na kwamba wakati wa baridi mti hauna utomvu, na sumu isiyo na majani ni sumu iliyolala.

Hakubishana nami. Hakuna aliyebishana nami. Alishuka kumfuata nyumbu ili aje kuyavuta magogo, na aliposhuka niliwasha moto mwenyewe.

Upepo ulielekea kwenye ua wa mbao. Nilimpa Almeda tawi la msonobari nikamwambia asimame pale, azime cheche zisiufikie ua. Alikuwa ameolewa kutoka mjini, hakuujua mtambaa, na aliniamini. Alikohoa. Nikamwambia, “Vumilia, karibu unaisha.” Mimi nilikuwa upande wa pili, ambako hapakuwa na moshi. Niliunusa tu upepo ulipogeuka mara moja.

Aliishi siku tano. Koo lilivimba. Sitakuandikia siku hizo.

Msimamizi wa shule za wilaya alipokuja mazishini, watu waliuliza ni nani aliyewasha. Shule ilikuwa yangu peke yangu, watoto arobaini na wawili, na hapakuwa na mwalimu mwingine ambaye angekubali kuishi bonde hili. Hobart alinitazama, kisha akasema, “Niliwasha mimi.” Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na minne. Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa.

Kaburi la mama yako lilikuwa kichaka, lakini si kwa sababu baba yako alimchukia. Mei ya kwanza alikuja mlangoni kwangu na jembe mabegani akasema, “Hili tutalisafisha pamoja, mimi na wewe, mbele ya watu. Ukiwa tayari, niite.” Sikumwita. Kila Mei alisimama kwenye lango langu, akangoja kidogo, akaondoka. Na mtambaa ukakua, kana kwamba umelijua kaburi lake.

Oktoba iliyopita alikuja akiwa amevaa koti lile na glavu. Kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika kwa vumbi la mgodi. Alisema akiwa nje, “Orlena, sitangoja tena.” Nilikuwa nyuma ya pazia. Alipanda peke yake, na jioni akashuka peke yake. Akalitundika koti kwenye msumari wa baraza yangu, glavu ndani ya mfuko, akaenda zake. Wiki tatu baadaye tulimzika kando ya mama yako, na kaburi la mama yako lilikuwa jeupe kama meza. Watu walilitazama, kisha wakanitazama mimi.

Niliingiza koti ndani. Sikuthubutu kulifua wala kulitupa. Lilining'inia nyuma ya mlango na kila nilipopita niliyaona mabega yake. Nilijua lina nini, Delpha. Sikulituma kama urithi. Nilitaka litoke nyumbani mwangu.

Vile vidole vinne ulivyoviona begani, hayo ni mafuta ya kazi aliyomfanyia mama yako. Zaidi ya hapo sijui.

Orlena


Spruce Lick
25 Machi 1962

Binti yangu Delpha,

Nakusalimu wewe, Estill na Lottie. Sijapata jibu, wala sidai. Theluji imeyeyuka. Kuku wa nne ameanza kutaga. Nimeona niwaarifu.

Orlena


Spruce Lick
6 Mei 1962

Binti yangu Delpha,

Mwandiko huu ni wa Vesta. Namtamkia naye anaandika. Natumaini mko wazima.

Sikutaka uarifiwe, lakini Vesta amesema ataandika nitake nisitake. Jumapili baada ya ibada niliwaambia watu kanisani ni nani aliyewasha moto ule. Kisha mzee mmoja akasema, “Sasa tufanye nini na habari hiyo, Mwalimu?”

Jumatatu nikapanda makaburini. Kaburi la Almeda lilikuwa limeanza tena kuchipuka. Majani matatu matatu, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya taa. Mizizi huachwa ardhini, ndivyo ulivyo. Nilikuwa nimechukua glavu za ngozi. Nilianza nazo, kisha nikazivua. Niling'oa hadi jua likapinda. Niliurundika mtambaa nikaukokota korongoni, safari tisa, kama Hobart alivyotaka.

Sasa mikono haishiki kalamu. Si neno kubwa.

(Delpha, ni mimi Vesta. Si neno kubwa wapi! Uso umevimba kama boga, jicho moja halifunguki, na daktari kamchoma sindano mbili. Hakunawa mpaka jioni, yeye aliyetufundisha sote kunawa! Nimemuuliza, “Mwalimu, una wazimu?” Akaniambia niandike kwa mistari iliyonyooka. Usiku haombi maji wala dawa. Anauliza tu kama posta imefika.)

Siku ya Kupamba itakuwa tarehe ishirini na saba. Sikuombi uje. Nakuarifu kwamba kaburi ni safi.

Orlena


Akron
12 Mei 1962

Mpendwa Shangazi Orlena,

Salamu kutoka kwetu sote. Estill amepandishwa cheo kidogo. Lottie hapigi filimbi tena tangu baridi ilipokwisha. Bi. Hudak amefuga kuku kwenye paa na sheria hairuhusu.

Nisikilize vizuri. Oga kwa maji baridi, na Bi. Vesta akusafishe chini ya kucha kwa brashi. Kitambaa cha maji baridi, robo saa kila mara. Chemsha oti, ziache zipoe. Sasa ni Mei, kwa hiyo yale magugu ya mashina ya maji yameota kando ya kijito. Baba alikuwa akiyaponda akaninyunyizia magotini, nawe ulisema ni ushirikina. Yapondwe hata hivyo. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, mara tatu, na viatu vipanguswe pamoja na kamba zote. Jicho likizidi, rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Glavu si za kuvua.

Sijakusamehe, nawe ulinifundisha kutosema uongo hata wa adabu. Kwa miezi mitatu nimekuandikia kila wiki na kila wiki nimechana. Nimehesabu kwamba Baba alisimama kwenye lango lako mara ishirini na nne. Mimi sikusimama kwenye lake hata mara moja.

Koti nimelifua. Nilivaa glavu nene, nikatumia sabuni ya magadi na maji mara tatu, nikalianika kwenye jua wiki mbili. Halinuki tena tumbaku. Halinuki kitu. Kisha nikalivaa, mchana kutwa, bila nguo ya mikono ndani. Wiki nzima nilikitazama kile kipande cha bega kwenye kioo asubuhi na jioni. Ngozi ilikuwa safi. Sikujua kwamba nilikuwa nikingojea vidole vile mpaka nilipolia.

Tutapanda basi Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Ninalileta koti. Jembe la Baba liko wapi? Mwambie Bi. Vesta alioshe mpini. Tutasimama kwenye lango lako Jumapili asubuhi, nami sitangoja miaka. Utatoka ukiwa na mikono hiyo hiyo, na tutapanda pamoja.

Hadi siku hiyo, Shangazi, usijikune.

Delpha